Chaucer, Liyongo na Bando la Wiki

Maswali yanayonifikia kutoka Machakos mjini, Kangundo, Masii na Mlolongo yanafanana kiasi kwamba nimeona niyajibu kwa pamoja. Kijana wa miaka 15 au 16 anasomea nyumbani. Hisabati ina vitabu vyake, sayansi ina ratiba yake, lakini kwenye fasihi amekuja na lake: anataka kusoma kazi za Enzi za Kati, yaani takriban mwaka 500 hadi 1500, na mwalimu anayemtegemea ni intaneti. Yeye anauliza aanzie wapi. Mama yake anauliza kama huko si kuchoma bando bure.

Nawajibu wote wawili. Inawezekana, tena kwa gharama ndogo kuliko masomo mengi, mradi mkubali kusoma kidogo. Matini nne kwa mwaka, zikisomwa kwa sauti na kuandikiwa insha, zitamfikisha mbali kuliko vitabu 40 vilivyopakuliwa vikalala kwenye simu.

Kwanza, mtihani gani?

Usifungue kitabu kabla ya kujua utafanya mtihani upi, kwa sababu huo ndio utakaoamua una muda kiasi gani.

- Kama ni KCSE ya mfumo wa 8-4-4, kundi la mwisho linatarajiwa kuufanya 2027. Vitabu teule ni vya kisasa. Enzi za Kati zitakuwa somo la pembeni, saa nne au tano kwa wiki, basi.
- Kama uko katika mfumo mpya, ambao Gredi ya 10 yake ya kwanza ilianza Januari 2026, mkondo wa Sayansi za Jamii una Fasihi ya Kiswahili na Fasihi ya Kiingereza miongoni mwa masomo ya kuchagua. Hapo una nafasi zaidi.
- Kama ni IGCSE au A level ya Cambridge, pakua silabasi ya mwaka uleule utakaotahiniwa. Vitabu hubadilishwa. Katika A level, Chaucer huwekwa miaka mingine na kuondolewa mingine. Mtahiniwa wa kibinafsi hujisajili kupitia British Council, Nairobi, au shule iliyoidhinishwa kuwa kituo. Ulizeni ada na tarehe angalau miezi sita kabla.

Mzazi, kuna la sheria pia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka kila mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule. Usiliache suala hilo lielee. Zungumza na wakili na familia zilizokutangulia, na uweke rekodi nzuri ya masomo tangu wiki ya kwanza.

“Lakini haya hayaji kwenye mtihani”

Hayaji kwa majina yake. Yanakuja kwa sura nyingine. Aliyefanya Karatasi ya Tatu ya Kiswahili anajua maswali ya fasihi simulizi: hurafa, mighani, sifa za shujaa, nafasi ya fanani na hadhira. Kazi nyingi za Enzi za Kati zilitungwa kusomwa kwa sauti au kuimbwa mbele ya watu, na zimejaa hayo hayo. Kijana aliyeona jinsi jogoo wa Chaucer anavyomponyoka mbweha hatababaika akiulizwa kuhusu hila katika hurafa za sungura. Atakuwa na mifano ambayo mtahini hajaichoka.

Uanze na nini

Wengi huanza na *Beowulf* kwa sababu orodha za mtandaoni zinaanza nayo. Siwashauri. Ina mistari 3,182, na Kiingereza chake cha asili hata Waingereza hawakielewi bila kufundishwa. Iache hadi mwaka wa pili. Mpangilio wangu ni huu.

*Muhula wa kwanza: hurafa.* Chukua kile kisa cha *Canterbury Tales* ya Chaucer kinachosimuliwa na kasisi wa watawa. Ni mistari 600 na ushei tu. Jogoo Chauntecleer anaota ndoto mbaya. Mkewe, kuku Pertelote, anamwambia ndoto zake zinatokana na tumbo kuvurugika, anywe dawa ya kuharisha ipite. Kisha mbweha anakuja na sifa tamu, anambembeleza aimbe huku amefumba macho, na akifumba tu, shingo iko mdomoni mwa mbweha. Kijiji kizima kinatoka mbio kwa vifijo na marungu. Jogoo anajiokoa vipi? Anamshauri mbweha awageukie wanaomfukuza awatusi. Mbweha anafungua mdomo, jogoo yuko juu ya mti.

Mtoto wa Ukambani hahitaji kuelezwa kisa cha namna hiyo, na ndiyo maana ninakiweka mwanzoni. Ugumu utabaki kwenye lugha peke yake. Halafu mtafute *Akamba Stories*, mkusanyo wa John Mbiti uliotoka 1966, mlinganishe wanyama wa huku na wa kule.

*Muhula wa pili: mighani.* Hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko pote. Soma kisa cha Fumo Liyongo katika utenzi wa Muhamadi Kijumwa wa Lamu, kisha sehemu ya kwanza ya *Nibelungenlied* ya Ujerumani, iliyotungwa karibu mwaka 1200, hadi pale shujaa wake Siegfried anapouawa. Zisome sambamba uone.

Wote wawili ni majabali wasiodhurika, isipokuwa mahali pamoja. Siegfried alioga damu ya joka ikamfanya awe na ngozi ngumu, ila jani la mti liliangukia katikati ya mabega. Liyongo haingiwi na silaha isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Siri ya kila mmoja inatoka kwa mtu wake wa ndani: mkewe Siegfried, akidhani anamlinda, anashona alama kwenye nguo yake pale penye hatari, mwana wa Liyongo anamuuliza babaye akijua anachofanya, kwa kuwa ameahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Na wote wawili mauti yao yanahusiana na maji. Siegfried anachomwa mkuki akiwa ameinama kunywa chemchemini. Liyongo, akiisha kuchomwa, anapiga goti karibu na kisima na upinde mkononi, na watu wa mji wanaogopa kwenda kuteka kwa siku kadhaa, hawajui kwamba ameshakufa.

Swali la insha hilo hapo: kwa nini mke anasamehewa na msikilizaji, na mwana hasamehewi? Kurasa tatu, kwa mkono.

Tahadhari. Utenzi wa Kijumwa uliandikwa 1913. Liyongo mwenyewe ni wa zamani zaidi, na wataalamu hawakubaliani aliishi karne gani. Ukiandika kwamba utenzi huo ni wa Enzi za Kati umekosea. Andika kwamba ni mighani ya kale iliyotungiwa utenzi mwanzoni mwa karne ya 20.

*Muhula wa tatu: safari.* Ibn Battuta alipita pwani yetu 1331. Kuhusu Mombasa ana maelezo yasiyozidi ukurasa mmoja: wenyeji wanakula ndizi na samaki, nafaka inaletwa kutoka nje ya kisiwa, misikiti imejengwa kwa mbao kwa ustadi, na milangoni mwake kuna kisima kifupi ambapo mtu huteka maji kwa chombo cha mti chenye mpini, akaosha miguu, akaipangusa kwenye mkeka kabla ya kuingia, kwa kuwa watu hutembea pekupeku. Alilala usiku mmoja, akaendelea Kilwa.

Ukurasa huo mmoja ni kazi ya wiki mbili. Igawe karatasi mara mbili: upande huu yale aliyoyaona kwa macho, upande ule yale aliyoambiwa. Kisha jiulize lingine. Kitabu chake alimsimulia mwandishi Ibn Juzayy, kikakamilika 1355, miaka 24 baada ya usiku ule wa Mombasa. Kwa nini alikumbuka kisima na mkeka? Kwa nini hakukumbuka jina la hata mtu mmoja?

*Ukibakiwa na muda.* Chagua moja: *Sir Gawain and the Green Knight*, au nyimbo tano za mwanzo za sehemu ya Jahanamu ya Dante. Au *Sundiata*, ambayo D. T. Niane aliichapisha 1960 kutokana na masimulizi ya fanani Mamadou Kouyaté. Tafsiri yake ya Kiingereza ulizia kwa wauza vitabu vilivyotumika. *Sundiata* ina faida kwamba hata ndugu zako wadogo watakaa wasikilize.

Pa kupata matini bila kulipa

- Project Gutenberg na Internet Archive: tafsiri za zamani ambazo hakimiliki yake imekwisha. LibriVox ina vitabu vya kusikiliza.
- Tovuti ya Chaucer ya Chuo Kikuu cha Harvard: kila mstari wa asili una Kiingereza cha kisasa chini yake. Kwa anayeanza, hakuna bora kuliko hiyo.
- Mradi wa matini za Kiingereza cha kati wa Chuo Kikuu cha Rochester: una maelezo ya maneno magumu pembeni.
- Open Yale Courses: mihadhara 24 ya Giuseppe Mazzotta kuhusu Dante. Pakua sauti au maandishi yake. Video si lazima.
- Digital Dante ya Chuo Kikuu cha Columbia: wimbo kwa wimbo, pamoja na ufafanuzi.
- Hifadhi ya miswada ya Kiswahili ya SOAS, London: hapo utaona tenzi zilivyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Hata kama huwezi kuzisoma, zitazame.

Ukipata kitu kizuri, kipakue siku hiyohiyo. Oktoba 2023 maktaba ya taifa ya Uingereza, British Library, ilishambuliwa na wadukuzi, na picha za miswada yake, ukiwemo ule pekee wa *Beowulf*, zikatoweka mtandaoni kwa muda mrefu. Muswada huo ulinusurika moto wa 1731 ukiwa umeungua kingo. Wasomaji wa leo walizuiwa na kompyuta.

Maktaba za matofali bado zipo. Uliza Chuo Kikuu cha Machakos kama kinamruhusu msomaji wa nje, na kwa masharti gani. Nairobi kuna McMillan, Barabara ya Banda, iliyofunguliwa 1931. Nauli ya siku moja kwa mwezi ina thamani kuliko video za mwezi mzima.

Bando, stima na simu ndogo

Hapa ndipo mipango mizuri hufia. Maandishi matupu ya *Canterbury Tales* nzima ni MB chache. Video ya saa moja kwa ubora wa kawaida hula mamia. Kwa hiyo:

1. Panga siku moja ya kupakua kwa wiki, kwenye saiba au Wi-Fi ya jamaa, ukiwa na orodha mkononi. Siku nyingine zima data kabisa.
2. Kila faili lihifadhi mahali pawili: kwenye simu na kwenye flashi.
3. Chapisha kurasa unazozisoma wiki hiyo tu. Shairi lisilo na nafasi ya kuandika kwa kalamu pembeni halisomeki vizuri.
4. Panga usomaji mzito mchana. Stima ikipotea usiku, kazi ya usiku iwe ile isiyohitaji mwanga, yaani kukariri na kusimulia.

Wiki inavyokwenda

Siku ya kwanza soma tafsiri ya kisasa, haraka, ujue tu kisa kinaelekea wapi. Siku ya pili rudi kwenye mistari 40 ya asili na uisome kwa sauti, mara tatu, hata kama matamshi yako yanachechemea. Siku ya tatu andika: nini kimerudiwa, nani anasema, nani hapewi nafasi ya kusema. Siku ya nne simulia kisa chote kwa mtu asiyekijua, bila karatasi. Susu yako, yaani nyanya yako, anafaa kuliko mwalimu yeyote wa mtandaoni kwa kazi hii. Akikukatiza kuuliza “huyo alikuwa nani tena?”, ujue umeruka mahali, rudi uparekebishe. Mwisho wa wiki, insha fupi.

Muhtasari uliotayarishwa na wengine usome mwisho, baada ya insha yako. Ukiusoma kwanza, utaandika yaliyomo ndani yake bila kujua.

Madarasa ya moja kwa moja

Wengine mnataka mwalimu anayeonekana. Sawa, lakini hesabuni saa kabla ya kulipa. Darasa la saa nane mchana pwani ya mashariki ya Marekani ni saa tatu usiku Machakos, na kuanzia Novemba hadi Machi linasogea hadi saa nne, kwa kuwa wenzetu hubadilisha saa zao nasi hatubadilishi. Darasa la saa kumi jioni la London ni saa kumi na mbili jioni kwetu majira yao ya joto, na saa moja usiku majira yao ya baridi. Kijana anayeamka alfajiri hatadumu na darasa la saa nne usiku.

Mengine ya kuangalia:

- Omba kuhudhuria kipindi kimoja kabla ya kulipia muhula.
- Uliza nani atasahihisha insha na kwa siku ngapi. Kozi isiyosahihisha insha ni video tu, na video zipo za bure.
- Masomo ya ana kwa ana na mtu mzima asiyejulikana nyumbani yafanyiwe sebuleni, mlango wazi.
- Cheti cha kozi ya mtandaoni hakichukui nafasi ya mtihani. Msikilipie mkidhani kinachukua.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

*Aladini na Ali Baba.* Kijana anaandika kurasa sita za *Alfu Lela Ulela* kama kazi ya Enzi za Kati, na mifano yake yote ni Aladini na Ali Baba. Visa hivyo viwili havimo katika muswada wa kale. Mfaransa Antoine Galland alivisikia Paris, 1709, kutoka kwa Hanna Diyab wa Aleppo, akaviingiza katika tafsiri yake. Chagua kisa cha mvuvi na jini, au cha mtu mwenye kigongo, uwe salama.

*Kila cha kale kuitwa cha Enzi za Kati.* *Utendi wa Tambuka* ni wa 1728. *Al-Inkishafi* ni wa baadaye zaidi, wakati mji wa Pate umekwisha kuporomoka. *Hamziya* ni nzuri ya kufikiria: shairi la Kiarabu ni la al-Busiri wa karne ya 13, lakini tafsiri ya Kiswahili ya Aidarusi ilikuja karne kadhaa baadaye. Taja zote mbili.

*Kuamini tafsiri yoyote ya bure.* Zile za karne ya 19 zilipunguza na kusafisha. Edward Lane, kwa mfano, aliacha mengi katika *Alfu Lela Ulela* yake kwa kuona hayafai kusomwa na familia. Andika jina la mtafsiri na mwaka juu ya kila insha.

*Kuuliza programu za akili unde walichosema Chaucer au Dante.* Zitakupa mstari mzuri ambao hawakuuandika. Dondoo lolote usilolikuta mwenyewe kwenye matini, lifute.

Kwa mzazi mwenye wasiwasi

Si lazima ujue Chaucer ni nani. Kazi yako ni kusikiliza siku ya kusimulia, kusoma insha mwisho wa wiki, na kuuliza “umejuaje?” kila penye dai. Kuhusu maadili, wasiwasi wako una msingi, na ni heri kujua mapema:

- Kisa cha msaga nafaka katika *Canterbury Tales* ni cha uchafu wa wazi. Kinaweza kurukwa bila hasara kwa mwaka wa kwanza.
- Kisa cha mama mkuu wa watawa, humohumo, kimejaa chuki dhidi ya Wayahudi. Kisisomwe na kijana peke yake, kaeni mkizungumze.
- Dante amewatia mapapa motoni, na katika wimbo wa 28 wa sehemu ya Jahanamu anamtaja Mtume Muhammad kwa namna itakayomuudhi Mwislamu yeyote. Familia ziamue zenyewe. Nyimbo tano za mwanzo nilizotaja haziligusi hilo.

Uchawi, majoka na mazimwi sivihesabu. Mtoto aliyekulia kwenye hadithi za mazimwi ya Kikamba ameshayazoea.

Faili la ushahidi

Chuo, hasa cha nje, kitakachompokea aliyesomea nyumbani kitataka kuona alichofanya. Nunueni faili moja gumu, na ndani yake wekeni kila mwezi:

- orodha ya matini zilizosomwa, pamoja na mtafsiri na kurasa;
- insha mbili zenye masahihisho, rasimu ya kwanza na ya mwisho pamoja;
- rekodi moja ya sauti ya kijana akisoma au kusimulia, kwenye flashi;
- saa zilizotumika, zilizotiwa sahihi na mzazi.

Kama mpango ni kuingia chuo kikuu cha hapa Kenya kwa cheti cha nje, ulizeni sasa, wala si baada ya matokeo, jinsi cheti hicho kinavyolinganishwa na KCSE, na mlitie jibu la maandishi katika faili hilohilo.